Spika ya upande wa pili: AC/DC na kaka aliyesimama nyuma

Kabla sijajua kwamba AC/DC ni watu, bendi ya rock ya Australia, nilidhani ni swichi.

Nilikulia Tanga, na likizo zangu nyingi zilipita kibandani kwa mjomba wangu, fundi redio. Nyuma ya redio karibu zote zilizopita mezani pale palikuwa na herufi hizo. Shuleni walikuja kunifundisha kuziita mkondo geu na mkondo mnyoofu, lakini mjomba alikuwa na maelezo mafupi zaidi: "Hii inakula waya, hii inakula mawe." Mawe, yaani betri.

Siku moja ikaletwa redio kaseti kubwa ya spika mbili, mali ya baharia mmoja. Ugonjwa wake: upande mmoja umekufa. Ndani alikuwa amesahau kaseti, na juu ya kaseti zimeandikwa herufi zilezile, katikati zimekatwa na alama ya radi. Nikamwambia mjomba hii lazima ni kaseti ya kupimia umeme. Akabonyeza.

Ikaanza kengele. Moja, kimya. Ya pili, kimya. Bibi alikuwa barazani anachambua mchele. Akanyanyua kichwa, akauliza, "Kanisani kuna msiba?"

Tulicheka sana. Nimekuja kujua ukubwani kwamba Bibi ndiye aliyekuwa amesikia sawasawa kuliko sisi wote, na nitafika huko.

Baada ya kengele likaingia gitaa, kutoka ile spika moja iliyokuwa hai. Mjomba akaifungua redio huku wimbo unaendelea, akakuta waya umeachia, akapiga lehemu. Ghafla upande wa pili ukafufuka, na ndani yake kulikuwa na gitaa jingine, zito, linalorudia jambo lake bila papara. Mjomba ujanani aliwahi kupiga gitaa la rizimu katika bendi ya dansi, na watu wa rizimu hutambuana. Akaweka pasi chini, akasogeza sikio. "Unamsikia huyu? Huyu ndiye anayeendesha gari. Yule mwingine anapiga honi."

Jina la dereva nilikuja kulijua baadaye sana: Malcolm Young. Mpiga honi ni mdogo wake, Angus, yule wa kaptula ya shule ambaye hata asiyejua nyimbo zao ameshaiona picha yake.

Hawa ni watoto wa Glasgow, Scotland. Malcolm alizaliwa Januari 1953, Angus Machi 1955, wa mwisho katika nyumba ya watoto wanane, mmoja tu kati yao wa kike. Baridi ya mwanzoni mwa 1963 ilikuwa mbaya kupita kawaida Uingereza nzima, na Australia wakati huo ilikuwa inatafuta wahamiaji kwa kuwalipia sehemu kubwa ya nauli. Mzee William Young akakusanya familia, wakaenda Sydney. Walifikia Villawood, kambi ya wahamiaji.

Kambini hapo kaka yao George alikutana na kijana Mholanzi aliyekuja kujulikana kama Harry Vanda, wakaunda bendi iliyoitwa The Easybeats. Kufika 1966 walikuwa na wimbo uliopigwa mpaka Uingereza. Hebu fikiria: una miaka 13, unatoka shule, mlangoni kwenu wamejazana wasichana wanapiga kelele kwa ajili ya kaka yako. Halafu miaka mitatu inapita, bendi imekufa, na kaka anarudi nyumbani na madeni. Malcolm aliyaona yote mawili, sherehe na matanga yake. Nadhani ubahili wa muziki wake umetoka hapo. Alikuwa kijana aliyejua mapema kwamba biashara hii inakula watu wanaojipamba.

Shule aliiacha mapema, akapata kazi kiwanda cha sidiria, fundi wa cherehani. Sitanii. Na cherehani inarudi tena: bendi ilipokuwa inatafuta jina, ni dada yao Margaret aliyeyaona maandishi ya AC/DC kwenye cherehani yake, akasema ndiyo hayo. Mashine ile ilikubali umeme wa aina zote mbili. Margaret huyohuyo ndiye aliyependekeza Angus apande jukwaani na sare ya shule, kwa sababu mtoto alikuwa akitoka darasani anachukua gitaa bila kubadilisha nguo. Mambo mawili yanayoitambulisha bendi hii duniani, jina na sare, yote yametoka kwa dada mtu, na hakuwahi kuwa mwanabendi.

Walianza Novemba 1973. Onyesho la kwanza lilikuwa usiku wa kuamkia mwaka mpya, tarehe 31 Desemba, katika klabu ya Chequers mjini Sydney. Malcolm alikuwa na miaka 20, Angus 18. Mwimbaji wao wa mwanzo, Dave Evans, hakudumu mwaka.

Aliyemrithi alikuwa mtu mzima kuwazidi. Ronald Belford Scott, ambaye kila mtu alimwita Bon, alizaliwa 1946 huko Forfar, akakulia Kirriemuir, naye pia Mskoti aliyehamishiwa Australia mtoto. Alikuwa ameshapita katika bendi mbili tatu bila bahati, na mwaka huo huo wa 1974 alikuwa amenusurika ajali mbaya ya pikipiki mjini Adelaide. Vijana hawa wawili wakampa kazi. Bon alikuwa na sauti ya mtu anayekusimulia kisa baa akiwa amekushika bega, na mashairi yake yalikuwa hivyohivyo: kodi ya nyumba, meno yaliyong'olewa, mapromota walioondoka na fedha. Wengi wanamkumbuka kwa ulevi. Mimi namkumbuka kama mtunzi mzuri wa maneno aliyejifanya hajali maneno.

Kuna kisa cha Bon na zumari la Kiskoti, lile la mfuko. George, ambaye sasa yeye na Vanda walikuwa ndio maprodyuza wa bendi ya wadogo zake, alisikia kwamba Bon utotoni alikuwa katika bendi ya mazumari kule Fremantle. Akasema vizuri, basi tuweke zumari kwenye wimbo huu. Likanunuliwa. Lilipofika ndipo ikajulikana kwamba Bon alikuwa kwenye bendi ya mazumari kweli, lakini alikuwa anapiga ngoma. Ikabidi ajifunze. Wimbo ukatoka, na tarehe 23 Februari 1976 wakapanda nyuma ya lori lisilo na bodi, wakapita Swanston Street katikati ya Melbourne wakiupiga, watu wakitembea nao pembeni kama msafara wa harusi. Mwaka 2004 jiji hilo likabadilisha jina la kichochoro kimoja, likakiita ACDC Lane. Alama ya mkwaju haikuruhusiwa kwenye majina ya barabara, ndiyo maana haipo.

Namna George alivyowarekodi wadogo zake ni somo, kwa sababu hakutafuta usafi. Alitaka jasho. Mwaka 1977, wakirekodi albamu ya *Let There Be Rock*, amplifaya ya Angus ilianza kutoa moshi katikati ya wimbo. Angus anamtazama kaka yake kupitia kioo cha studio, kaka anamwashiria kwa mikono miwili: endelea, usiache! Akaendelea mpaka mashine ikayeyuka. Ndicho kipande kilichowekwa kwenye sahani.

Nyuma walikaa wapigaji wasio na makuu. Phil Rudd kwenye dramu, mtu ambaye sifa yake kubwa ni vitu asivyovipiga. Besi alipiga Mark Evans, kisha kuanzia 1977 Mwingereza Cliff Williams, aliyesimama palepale nyuma kwa miongo akiungurumisha noti zilezile kama jenereta. Siku hizi kila mpiga besi anataka aonekane. Cliff alitaka wimbo uondoke.

Sasa nisimame kidogo kwenye gitaa la Malcolm, kwa sababu hapa ndipo mjomba wangu angetaka tukae.

Lilikuwa gitaa la chapa ya Gretsch la 1963, jekundu lilipotoka kiwandani, alilopewa na Harry Vanda. Malcolm aliling'oa rangi yote mpaka likabaki mbao tupu, kama mlango ambao haujapakwa vanishi. Kisha akatoa vinasa sauti, zile sumaku za kunasa mtetemo wa nyuzi, alivyoona havina kazi. Kilibaki kimoja tu, kile cha karibu na daraja la nyuzi. Walipovitoa vile vingine mashimo hayakuzibwa, kwa hiyo ukitazama picha unaona mwili wa gitaa una matundu kama jino lililooza. Akafunga nyuzi nene, zile ambazo wapigaji wengi wanazikwepa kwa sababu zinachosha vidole. Na badala ya kufungua sauti mpaka gitaa lianze kukwaruza, alilipunguza. Alipiga kwa nguvu ya mkono kwenye mashine iliyotulia, ndiyo maana ukisikiliza vizuri kila uzi unasikika peke yake hata nyuzi zikipigwa pamoja, wazi, hata kwenye redio ya baharia.

Watu wakisikia muziki wa hard rock wanafikiri siri ni kelele. Sikiliza tena upande wa Malcolm. Kuna nafasi kubwa humo ndani. Anapiga, ananyamaza, anaacha Rudd apite, anapiga tena. Kile kimya ndicho kinachomfanya mtu atikise kichwa bila kuamua. Na wapigaji wengi wa rizimu duniani wanaona raha kuachia kila mwanya ujazwe. Yeye alikuwa mchoyo wa noti, na alijua kuandaa: nani aingie wapi, nani atoke, albamu iende wapi, nani afukuzwe. Angus mwenyewe hajawahi kuficha kwamba bendi ilikuwa ya kaka yake.

Mwaka 1979 waliachana na George kama prodyuza, kwa shinikizo la kampuni yao ya rekodi ya Marekani, na wakapelekwa kwa Robert John Lange, anayeitwa Mutt. Huyu ni mzaliwa wa Mufulira, mji wa migodi ya shaba kaskazini mwa Zambia, akakulia Afrika Kusini. Hili huwa nalisema kwa sauti kila ninapopata nafasi, maana watu hudhani muziki huu haujawahi kugusa bara letu. Mutt alikuwa mtu wa kurudia na kurudia, anaitafuta sauti kama fundi anayetafuta hitilafu. Albamu yake ya kwanza nao, *Highway to Hell*, ikawafungulia Marekani.

Mwanzoni mwa Februari 1980 ndugu hawa walikuwa London wanatunga nyimbo mpya. Bon akapita studio, akakaa kwenye dramu, akawapigia wakati wanajaribu vipande. Kumbuka alianza maisha kama mpiga ngoma. Siku chache baadaye, tarehe 19 Februari, akakutwa amekufa ndani ya gari lililoegeshwa mtaa wa East Dulwich, baada ya usiku wa kunywa. Miaka 33. Mwili ulichomwa na majivu yakazikwa Fremantle, na inasimuliwa kwamba ni baba yake aliyemwambia Malcolm pale msibani kwamba watafute mtu, waendelee.

Waliyempata alikuwa Brian Johnson, Mwingereza wa karibu na Newcastle, baba sajenti wa jeshi, mama Mtaliano. Bendi yake ya zamani, Geordie, ilikuwa imeshafifia na yeye alikuwa na karakana ya kubandika paa za plastiki mfano wa ngozi kwenye magari. Kinachonifurahisha ni kwamba Bon alishawahi kumsifia. Miaka ya nyuma alimwona Brian jukwaani anagaagaa sakafuni akipiga mayowe, akawahadithia wenzake kwamba hajapata kuona mwimbaji wa namna ile. Brian amewahi kueleza mwenyewe kisa kile: alikuwa anaumwa kidole tumbo, na baada ya onyesho alikimbizwa hospitali.

Wakaenda kurekodi Nassau, Bahamas, Aprili na Mei. Wakakuta mvua na ngurumo, umeme unakatika. Brian, mgeni, hana maneno, ameketi na karatasi tupu akijua kila mtu atampima na marehemu. Ngurumo ikapiga juu ya bahari, akaandika alichokisikia. Ndiyo mistari ya kwanza ya wimbo ule wa kengele, *Hells Bells*.

Kengele yenyewe ilitengenezwa Loughborough, Uingereza, katika kiwanda cha John Taylor kinachotengeneza kengele za makanisa. Uzito wake ni kama tani moja. Kwanza walijaribu kurekodi kengele iliyokuwa tayari juu ya mnara wa ukumbusho wa vita mjini humo, lakini kila ikigongwa ndege waliolala mnarani wanaruka na mabawa yao yanaingia kwenye tepu. Ikabidi waende kiwandani, warekodi ile yao mpya hukohuko. Albamu, *Back in Black*, ikatoka tarehe 25 Julai 1980, miezi mitano tu baada ya mazishi, jalada jeusi tupu. Ni nguo ya msiba, na kengele inayoanza ni ya msiba. Bibi aliuliza swali sahihi.

Nakala zilizothibitishwa Marekani peke yake zimepita milioni 25. Sioni haja ya kuongeza.

Miaka iliyofuata naipitia haraka kwa sababu hata wao waliipitia hivyo. Mwaka 1981 walikuwa Paris wanarekodi, wakasikia kwenye televisheni mizinga ya harusi ya Charles na Diana, wakaitia mizinga kwenye wimbo. Rudd akafukuzwa 1983 baada ya kugombana na Malcolm. Zikaja albamu ambazo mimi huzisikiliza kwa adabu tu. Mwaka 1988 Malcolm, ambaye pombe ilikuwa imeanza kumshinda, aliacha ziara katikati akaenda kutibiwa. Aliporudi alikuwa hanywi tena, na 1990 ukatoka ule wimbo wa radi, *Thunderstruck*, ambao hadi leo unapigwa viwanja vya mpira. Rudd alirudishwa 1994. Malcolm hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa maneno, lakini alijua dramu zake zinakaa wapi.

Katika ile miezi ya 1988 aliyeshika gitaa la rizimu alikuwa Stevie Young, mtoto wa kaka yao mkubwa. Kiswahili kinanisaidia hapa kuliko Kiingereza: Malcolm na Angus ni baba zake wadogo, ingawa Stevie amezaliwa Desemba 1956 na amepishana na Angus mwaka na miezi tu. Anafanana na Malcolm kiasi kwamba watazamaji wengi hawakugundua mabadiliko.

Kisha ikaja ziara ya *Black Ice*, 2008 mpaka 2010. Kumbukumbu za Malcolm zilikuwa zimeanza kumtoka. Mtu aliyetunga vile vipande alilazimika kukaa kabla ya onyesho na kujifunza upya, wimbo kwa wimbo, nyimbo alizozipiga maelfu ya mara. Huku watazamaji hawajui. Nimezitazama video za ziara ile nikitafuta mahali anapokosea, na sijapaona. Mkono wa kulia ulikuwa bado unajua.

Mwaka 2014 ikatangazwa kwamba hatarudi tena: ni ugonjwa wa kusahau, na mwili ulikuwa umeshaandamwa na mengine, mapafu na moyo. Stevie akarudi kukaa pale nyuma. Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa kama nyumba inayobomoka chumba baada ya chumba. Rudd akawa na kesi mahakamani New Zealand. Mwaka 2016 madaktari wakamwambia Brian aache jukwaa la sivyo atakuwa kiziwi kabisa, na Axl Rose, mwimbaji wa Guns N' Roses, akamalizia ziara. Cliff akastaafu. George akafariki tarehe 22 Oktoba 2017, na kabla ya arobaini yake, tarehe 18 Novemba, Malcolm naye, akiwa na miaka 64. Misa ilikuwa kanisa kuu la St Mary's, Sydney, na lile Gretsch lenye matundu lilikuwa juu ya jeneza.

Niliposikia habari zile nilimpigia mjomba. Sasa ni mzee, kibanda kimefungwa siku nyingi, na jina la Malcolm Young halikumwambia kitu. Nikamkumbusha redio ya baharia. Akanyamaza kidogo. "Yule wa upande uliokufa?"

Huyohuyo, mjomba.

Novemba 2020 ikatoka *Power Up*. Brian amerudi na vifaa vipya vya masikio, Rudd yupo, Cliff yupo. Kila wimbo umeandikwa majina mawili ya watunzi, Angus Young na Malcolm Young, kwa sababu Angus alifungua makasha ya vipande ambavyo yeye na kaka yake walikuwa wamejiwekea miaka mingi, akachagua humo. Niliisikiliza kwa namna yangu: nikavaa spika moja ya masikioni, nikaivua, nikavaa ya upande wa pili.

Mwaka 2024 walizunguka Ulaya, Angus akiwa na miaka 69 na kaptula yake, nywele nyeupe. Kamera zinamfuata yeye, na ana haki. Lakini tafuta video iliyopigwa na mtazamaji kwa simu, pana, jukwaa zima linaonekana. Nyuma karibu na dramu utamwona mtu mfupi, gitaa limening'inia, mguu unapiga sakafu. Kiitikio kikifika anatembea hatua chache mpaka kwenye kipaza sauti, anaimba anachotakiwa kuimba. Kisha anarudi kinyumenyume mpaka mgongo unakaribia kugusa amplifaya, palepale alipokuwa anasimama baba yake mdogo.